Saa Tano na Nusu kutoka Maskati

Kila Jumamosi asubuhi Tusekile alifagia uwanja, akamenya ndizi, kisha akampelekea Bibi Ikupa chai barazani. Jumamosi hiyo bibi hakutoka nje. Alikuwa kitandani, mguu umevimba kwa kidonda alichopata alipojikata kwa jembe shambani, mwili ukichemka kwa homa.

"Mama yako anafika lini?" aliuliza.

Mama yake Tusekile alifanya kazi Maskati, huko Omani. Asubuhi ile alikuwa amepiga simu: "Ndiyo naingia kwenye ndege. Leo nitalala Dar, kesho nipande nyingine ya kuja uwanja wa Songwe." Tusekile alikuwa ametazama kwenye simu. Kutoka Maskati hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita elfu nne, saa tano na nusu angani. Lakini alipomwangalia bibi usoni, hakuweza kulitamka neno "kesho".

"Ni saa tano na nusu tu, bibi. Jioni atakuwa hapa."

Bibi alitabasamu. "Ndaga, asante, mjukuu wangu. Basi hospitali nitakwenda naye."

Jirani yao, Mama Doreen, alikuja kumchukua ampeleke hospitali Tukuyu. Bibi alikataa katakata. "Mwanangu yuko njiani. Namsubiri."

Mchana homa ilipanda. Tusekile alimkanda kwa kitambaa cha maji, kikakauka upesi. Alimpigia mama; simu haikupatikana. Mvua ilinyesha juu ya migomba, na kila pikipiki iliyopita barabarani, bibi aliinua kichwa.

"Ndiye?"

"Bado, bibi."

Pikipiki nyingine ilipopita, bibi alijaribu kuinua kichwa, kikamshinda, kikaanguka juu ya mto. Hakuwa na dawa, wala nguvu za kumbeba. Alikimbia kwenye mvua hadi kwa Mama Doreen.

"Mama hafiki leo," alisema huku akilia. "Nilimdanganya bibi."

Mama Doreen hakumgombeza. Aliita bajaji, kisha akasema, "Twende. Lakini utamwambia mwenyewe."

Tusekile alipiga magoti kando ya kitanda akasema yote. Bibi aligeuza uso ukutani. Mabega yake yalitikisika. Kisha akasema, "Nipeni kanga yangu."

Hospitalini walimsafisha kidonda na kumtundikia dripu. Daktari alisema kwamba kama wangesubiri hadi kesho yake, huenda mguu usingepona.

Jumapili alasiri mama aliingia wodini, begi bado begani, akamkumbatia bibi. Tusekile alibaki nyuma, macho chini, mpaka bibi alipomwita.

"Ulitaka nifurahi, najua," alisema bibi, akimshika mkono. "Lakini ungeniambia anafika kesho, ningelia kidogo, halafu ningekwenda hospitali. Ukweli ungeniumiza kwa muda mfupi, mjukuu wangu. Uongo wako ulinilaza kitandani nikimsubiri mtu ambaye hakuwa anakuja siku ile."