Mizani ya Depo

Ndugu zangu wa Kisangani, najua mtanicheka nikianza kuzungumza juu ya unene katika mji ambamo mtu akinenepa anapongezwa. Chekeni, mkimaliza mnisikilize. Mambo haya yametokea katika komini yetu, katika ua, au parseli kama tunavyosema, wa watu ambao wengi wenu mmenunua maharage kwenye ghala lao, ile depo.

Jumapili moja ya mwezi wa pili, baada ya misa, Liévin alikuwa barazani na mke wake Kasoki, wakila lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki wa wavuvi Wagenia. Kasoki alikuwa anasimulia habari ya mteja mmoja wa Bengamisa aliyetaka kumrudishia maharage baada ya kuyapika. Liévin alishaanza kucheka kabla ya mwisho, maana alimjua mke wake anavyosimulia. Katikati ya maneno Kasoki akanyamaza. Kichwa kikaanguka kifuani, tonge bado liko mkononi, akakoroma, kisha pumzi ikakatika kabisa. Liévin akahesabu kimoyomoyo mpaka kumi na nane. Ndipo Kasoki alipovuta hewa kwa kishindo kama mtu aliyetolewa majini, akaendelea na habari ya yule mteja pale alipoiachia. Hakujua kwamba alikuwa amelala.

Sahani ya Liévin haikuguswa tena siku ile.

Kasoki alikuja Kisangani akiwa msichana kutoka Butembo, akafungua depo na mume wake, na mwili ukaongezeka mwaka kwa mwaka. Wateja waliupenda. Walisema mama mwenye mwili kama ule hawezi kukupunja. Liévin naye alijivuna, kwa kuwa mwanaume ambaye mke wake amejaa hivyo anaheshimika sokoni. Magoti yalipoanza kumuuma mama wa watu, wakamletea kiti. Pumzi ilipoanza kumpungukia, wakamwambia ni joto.

Hospitalini, mshale wa mizani ulikwenda mpaka mwisho ukakwama pale. Daktari akawaambia wazi: huu ni ugonjwa, si ulafi, na umeshafika kwenye moyo. Timu ya madaktari wa upasuaji wa ugonjwa huo ingekuja kutoka Kinshasa mwezi wa nane. Jina la Kasoki likaandikwa kwenye orodha. Ilibaki miezi sita ya kungoja.

"Kungoja njo kazi yenyewe," akasema Mama Philomène, muuguzi, akiwafuata mpaka nje. "Dawa ya presha kila asubui. Kutoka ku kitanda mpaka ku mulango ya parseli, atembee, asubui na magaribi, hata kama ni pole pole. Mikunjo ya ngozi muioshe na muikaushe muzuri, kidonda kisiingie. Mawese mupunguze. Na musimushindishe njaa, mutu wa kilo hizi hatibiwi na njaa ao na matusi. Kila siku ya kwanza ya juma mumupime. Muko na mizani ya magunia, sivyo?"

Jumatatu ya kwanza Kasoki akapanda mizani ya depo, saa tatu asubuhi, wateja wamejaa. Mpagazi mmoja akasema kwa sauti, "Hiyo ni gunia mbili, musisahau kushona mudomo." Depo nzima ikacheka, na Trésor, mkubwa wa wapagazi, akacheka pamoja nao. Kasoki akashuka, akafunga kitenge chake vizuri, akamhudumia mteja aliyefuata. 

Hata hivyo aliendelea. Alihesabu hatua mpaka mlangoni, akazipata arobaini, na kwa mwezi mzima alizitembea. Akapungua kilo nne. Ungedhani watu wangefurahi. Thubutu. Wanawake wa sokoni wakaanza kuulizana kama Mama Olga iko na ile ugonjwa mubaya, ao bwana yake ameanguka kwa biashara. Olga ni binti wao wa kwanza, ameolewa Kindu, naye akapiga simu akilia, maana uvumi ulishafika huko kabla ya salamu.

Hapa ndipo Liévin alipokosea, na msijifanye kwamba nyinyi msingekosea.

"Mama Olga," akamwambia mke wake, "dokta alisema tungoje. Bon, tungoje. Weye lala tu. Kutembea utatembea kisha operesheni."

"Mama Philomène alisema nifike ku mulango."

"Mama Philomène haiko bwana yako. Batu wanakucheka ukipanda mizani, wanakusema ukipungua. Mimi sitaki tena."

Akamletea maji kitandani. Akamletea beseni, akamletea chakula, na mawese yakarudi kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, ili mwili usipotee. Mizani hakuigusa tena, na dawa ya presha ikawa inasahaulika. Mama Philomène alipokuja kuuliza hali, Liévin alimpokea mlangoni kwa adabu zote, akasema mgonjwa amelala. Akaja mara ya pili, akajibiwa vilevile. Na Liévin aliamini, maskini, kwamba hakuna mume anayempenda mke wake kumpita yeye. Namfahamu. Alikuwa akichoka mpaka mgongo unamuuma, na kila alichomfanyia kilikuwa kinamzamisha.

Kufika mwezi wa tano Kasoki hakwenda tena depo hata mara moja moja. Mwezi wa sita alizitembea hatua kumi akashindwa. Chumba kikaanza kuwa na harufu, na yeye hakukubali kusema inatoka wapi kwa sababu ya aibu. Liévin akanunua manukato ya kupuliza. Jamani, manukato.

Siku moja Kasoki akamuuliza, "Papa Olga, niko ninangoja nini hapa?"

"Unangoja munganga."

"Hapana. Niko ninangoja kufa, na weye njo ulinitandikia kitanda."

Liévin akatoka nje akajifanya anatafuta kitu. Neno lile lilimchoma, lakini kesho yake alileta beseni kama kawaida.

Ilikuwa imebaki wiki mbili madaktari wafike. Alhamisi, jua la saa sita, Liévin akasikia kishindo. Kasoki alikuwa amejaribu kuinuka peke yake aende mlangoni, akaanguka kati ya kitanda na ukuta, uso umegeukia pembeni, pumzi inakatika na kurudi. Liévin akamshika mikono akavuta. Kasoki akapiga yowe la maumivu. Akavuta tena, hakusogea hata kidogo. Dirishani majirani walishajaa, na mmoja ameinua simu anapiga picha.

Nani angeweza kuinua mzigo ule bila kuuumiza? Liévin alijua jibu, na lilikuwa chungu. Akakimbia mpaka depo, akasimama mbele ya wapagazi wale wale waliocheka.

"Trésor," akasema, "ninakuomba. Kasoki anakufa."

Trésor akatupa chini gunia alilokuwa amelibeba. Akachukua turubai nzito wanayofunikia magunia, akaita wanaume watano. Kwanza alifunga dirisha mbele ya pua ya yule mwenye simu. Halafu akapiga magoti karibu na kitanda.

"Mama Kasoki, ni mimi Trésor. Tutapitisha turubai chini yako, pole pole. Hatutainua mpaka weye mwenyewe useme. Alors, utahesabu weye."

Tangu mwezi wa tatu hakuna mtu aliyemuuliza Kasoki anataka nini. Akavuta pumzi. "Moja," akasema. "Mbili." Akapumzika, wote wakangoja. "Tatu."

Wakamwinua mara moja, wakampeleka kwenye lori la depo juu ya godoro.

Hospitalini walikuta kidonda chini ya tumbo, kimeoza, na presha iliyokuwa imeachwa bila dawa ya kutosha. Mama Philomène alikisafisha bila kupaza sauti. Alipomaliza akasema tu, "Papa Olga, ulinifungia mulango mara mbili."

Madaktari wa Kinshasa walipofika, mkubwa wao alimpima Kasoki kitandani pake. Hawezi kupasua mwili wenye kidonda kile, akasema. Jina likahamishwa kwenye orodha ya safari nyingine, ambayo tarehe yake haikujulikana. Liévin akaomba amwambie mke wake yeye mwenyewe. Akamwambia. Akaongeza, "Ni kosa yangu."

 Machozi yalimtoka Kasoki, hakuyafuta. "Donc, kungoja kunaanza tena," akasema. "Lakini sitangoja tena nikiwa nimelala."

Jumatatu moja ya mwezi wa kumi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, depo ikiwa imefungwa kwa wateja, wa kwanza kupanda mizani alikuwa Liévin mwenyewe. "Kilo tisini na moja," Trésor akasoma kwa sauti, na wapagazi wakalisema tumbo lake mpaka akacheka. Kisha Trésor akapanda, na wote mmoja mmoja. Mwisho akapanda Kasoki, aliyekuwa ametoka hospitalini na kuletwa kwa lori la depo. Trésor akainama akamnong'onezea namba yake sikioni, akaiandika kwenye kitabu cha Mama Philomène. Hakuna aliyecheka.

Nyumbani Liévin alimfuata nyuma na kiti mkononi. Hatua ya ishirini na sita Kasoki akasimama, akihema. Liévin akaweka kiti.

"Usinikalishe," Kasoki akasema. "Simama tu hapo."

Akasimama. Baadaye kidogo ikaja hatua ya ishirini na saba.

FUNZO

Enyi wenye mgonjwa kama Kasoki, mnaposubiri mganga mkubwa, msidhani matibabu hayajaanza. Yameanza siku ile mlipoandikwa kwenye orodha, na nyinyi ndio waganga wa miezi hiyo. Mfungulieni muuguzi mlango. Tazameni ngozi, shikeni dawa, tembeeni naye. Msimcheke, na msimfiche pia, kwa sababu Kasoki alivumilia kicheko cha depo nzima, lakini kitanda kile cha mapendo nusura kimuue. Na wewe unayeuliza sokoni kwa nini fulani amepungua, mara nyingine funga mdomo. Safari ya pili ya madaktari haijatangazwa bado. Ukipita asubuhi mbele ya parseli yao, utamwona mama mmoja mnene akija kuelekea mlangoni. Msalimie kwa jina lake.