Anwani ya Mahfudh

Haya yalimpata rafiki yangu Intisar, karani wa ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, huko Changamwe. Mwenzake Mahfudh alipofariki, bosi alimwambia, "Barua pepe zake zijibu wewe, wateja wasipotee." Anwani ya marehemu ikawekwa kwenye kompyuta ya Intisar, na kila akijibu barua ilimbidi achague itoke kwake au kwa Mahfudh.

Adhuhuri moja mvua ilitia giza na umeme ukapotea. Kompyuta ilikuwa na betri, na kwa mwanga wake alimwandikia mteja mmoja wa Kampala kwamba Mahfudh ametutoka. Akachagua anwani yake mwenyewe, akaitazama mara mbili, akatuma kwa intaneti ya simu yake.

Hapo akasikia vibonye vikibonyezwa polepole gizani, kwenye meza tupu ya Mahfudh. Hakuinuka. Anasema moyo ulikuwa umekufa ganzi tangu mazishi.

Sauti ilipokoma, jibu la mteja likaingia kwa anwani ya marehemu.

"Poleni sana, Bwana Mahfudh. Barua yako imenihuzunisha. Huyo Intisar alikuwa mpole. Mmemzika wapi?"