Wewe Ukilala, Unalala?

Funga mlango kwanza, halafu uape. Usiape kwa mama yako, maana watu huapa kwa mama zao huku wanacheka moyoni. Apa kwa kibanja cha kwenu, migomba yote ikauke ukifungua mdomo. Umeapa? Haya. Aliyenisimulia aliniapisha hivyohivyo, na yeye alikuwa ameapishwa na Kantengwa, na Kantengwa hajawahi kukaa na siri mpaka chai ikapoa. Kwa hiyo hakuna ubaya. Sogea.

Msichana ni Kokwijuka wa Nyabiyonza, binti wa marehemu Byarugaba, yule aliyekuwa na mbuzi wengi kuliko maneno. Alipata nafasi katika chuo cha ualimu si mbali na Kayanga, na muhula wote wa kwanza akawa anatokea kwao. Alfajiri bodaboda, jioni bodaboda, akifika nyumbani ana vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Darasani kichwa kilimwangukia mezani kama embe bovu. Mwalimu wake hakumfokea. Alimsubiri aamke, akamwambia kwa sauti ya upole kwamba mtu anayelala hawezi kuachiwa watoto wa watu, na akimkuta tena amelala atamrudisha kwao, na akishaondoka hakuna kurudi.

Basi yeye na baba yake mdogo Novatus wakakaa kupima pa kuhamia. Kanoni kulikuwa na ndugu, lakini kutoka barabarani hadi nyumbani ni njia nyembamba katikati ya mibuni iliyoshikana matawi, na msichana hawezi kupita pale giza likiingia. Kayanga mjini, karibu na stendi, chumba kilikuwepo, ila kimepakana na baa, na wanaume wakitoka mle huegemea mlango wowote wanaoukuta. Bugene ndiko Novatus alikotaka. Pametulia, maduka yapo, chuoni unatembea kwa miguu. Tena mwenye nyumba, Ma Speciose, alikuwa mjane na mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa. Novatus alisema mahali salama ni pale ambapo mwenye nyumba anamwogopa Mungu.

Kokwijuka alikagua kama mtu anayenunua ng'ombe. Akasukuma mlango, akatikisa komeo, akafungua bomba la uani, akauliza taa ya nje inazimwa saa ngapi na nani anapita nyuma ya uzio. Kila kitu kizuri. Walikuwepo wasichana wengine wawili wanaokitaka chumba hichohicho, nao walikuwa wametangulia. Ma Speciose hakumuuliza jina wala chuo. Alimtazama macho yale yaliyovimba kwa uchovu, akauliza polepole:

"Wewe ukilala, unalala?"

Kokwijuka akacheka. Akajibu kwa majivuno ya kijana kwamba yeye akipata kitanda, hata radi ikipiga juu ya bati haimwamshi.

"Basi chumba ni chako," akasema Ma Speciose, na wale wawili wakaambiwa kimeshachukuliwa.

Unaona? Ameuliza komeo, ameuliza bomba, ameuliza taa. Hakuuliza kwa nini mama mtu mzima anauliza usingizi wa watu.

Usiku wa kwanza alisinzia akashtuka, akabaki macho mpaka jogoo. Akasema ni ugeni. Wa pili vilevile. Asubuhi akakuta chandarua chake kipya kina tundu moja, dogo, la mviringo, usawa wa sikio lake. Akalishona. Kesho yake, kando ya pale aliposhona, tundu jingine. Na chumba kilikuwa na harufu ambayo hakuitegemea ndani ya nyumba ya sakafu ya saruji: harufu ya shimo lililofukiwa ndizi za pombe, tamu, yenye joto, inayokaa kooni.

Kitu kimoja kilimuuma kuliko uchovu. Tangu baba yake afariki, Kokwijuka alikuwa na ndoto moja tu. Ni jioni, mvua inakuja kutoka milimani, na Byarugaba anaita mbuzi wake kwa majina yao ya kuchekesha, kisha anamwita yeye. Jina lake kwao maana yake ni kukumbuka, na ndoto ile ndiyo ilikuwa kumbukumbu yake yote, maana mahali pengine popote sauti ya baba ilikuwa imeshaanza kumpotea. Hakuwahi kumsimulia mtu. Tangu ahamie Bugene, ndoto haikuja hata mara moja.

Na kila asubuhi Ma Speciose alikuwa anatoka uani anajinyoosha, mashavu yanang'aa kama aliyepakwa samli.

"Shikamoo Ma."

"Marahaba mwanangu. Umelalaje? Mimi nimelala kama mtoto mchanga."

Msichana wa watu akaanza kutafuna kahawa, zile buni zilizochemshwa na majani ambazo wageni hupewa wakaribishwe. Alizitafuna njiani, alizitafuna darasani, ulimi ukawa mchungu hata maji yakawa machungu. Macho yakabaki wazi, lakini nyuma ya macho hapakuwa na mtu. Aliandika ubaoni neno moja mara mbili. Mwalimu akamwangalia, kisha akaangalia saa yake.

Jumapili moja mvua ilinyesha tangu mchana, umeme ukakatika, akajilaza bila kukusudia huku bado kuna mwanga wa kijivu dirishani. Usingizi ukaja ukamgusa miguu, ukapanda magotini, mtamu, naye akaukaribisha kama mtu anayekaribisha ndugu; na ulipofika kifuani ile harufu ya shimo la ndizi ikashuka juu ya kitanda, na chandarua kikabonyea kuelekea usoni kwake taratibu, kama mtu mzito ameegemea kutoka nje, ila nje hapakuwa na mtu, palikuwa na ukuta na koti lake la mvua, na katika ule mbonyeo kitu chembamba kikatoboa, kikaingia, kikatafuta, kikapata sikio, baridi kama mdomo wa kinda la ndege, ndipo akasikia sauti ambayo kila mtoto wa Karagwe anaijua kutoka kwenye misiba na harusi, sauti ya mzee anayenyonya rubisi ya ndizi kwenye kibuyu kwa mrija, fyuu, fyuu, bila haraka, na kila mvuto ukauondoa usingizi kifuani, ukauondoa magotini, ukauondoa miguuni, mpaka mrija ukafika chini na kukoroma kwenye mashapo, na yeye akabaki amelala chali macho yamemtoka, mtupu, hawezi hata kulia.

Upande wa pili wa ukuta, Ma Speciose akaanza kukoroma.

Kulipokucha Kokwijuka alivuka uzio akaenda kwa Kantengwa, bibi anayechoma ndizi pale kona, ambaye wazazi wake walitoka Rwanda zamani na ambaye hujua habari za Bugene kabla hazijatokea. Bibi alimpa kigoda, akampa ndizi, akamwacha aongee mpaka mwisho, jambo ambalo Kantengwa hajamfanyia mtu mwingine. Halafu akamwambia yake, kwa sauti ya chini, huku anageuza ndizi zisiungue.

Kwamba Speciose alikaa miaka bila usingizi tangu mumewe afe. Kwamba wote walikuwa wanamsikia akitembea kwenye migomba usiku, anahesabu mashina. Kwamba alikwenda Kyerwa kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yake, akapitia kwa mganga mmoja huko upande wa mtoni, akarudi na jini ndani ya kibuyu kikavu, na toka siku hiyo akaanza kupangisha wasichana. Aliyetangulia katika chumba kile ni Dusabe. Alisinzia chuoni mpaka akaondolewa, akarudi kwao Kanoni.

Kokwijuka akasema basi na yeye atahama leo.

"Uhame umwachie?" Kantengwa akanong'ona. "Dusabe alihama. Nenda kamwone. Anakaa mlangoni usiku na mchana, macho kama ya samaki. Jini likishaijua njia ya sikio, umbali si kitu kwake. Linafukuzwa kwa aibu tu, mwenye nalo akishikwa mbele ya watu."

"Atashikwaje, bibi? Nani ameona usingizi?"

"Usiku anauchukua anapoutaka. Wewe mpe mchana asipoutaka. Anayekinga maji ya wizi hachagui saa bomba linapofunguliwa."

Alhamisi jumuiya ingesali rozari kwenye ua wa Ma Speciose, na yeye kama mwenyekiti ndiye angeongoza. Kantengwa alichekea puani. Tusimsingizie, lakini uenyekiti ule aliugombea na yeye, akakosa. Kilichobaki ni kimoja, akasema: mtu akisinzia kwenye sala si kesi, hata katekista husinzia. Mbuzi wa wizi hutambuliwa kwa alama ya sikio. Usingizi wako una alama gani?

Kokwijuka akasema usingizi wake una alama. Ila hamwambii, ili kesho wasije wakasema wamepanga. Akaomba simu, akampigia Novatus aje.

Siku hiyo watu walijaa uani, wamekalia mikeka, wanawake wamefunga vitenge vyao vya jumuiya. Katekista Xaveri alikuwepo. Novatus alikaa nyuma, kofia magotini, hajui ameitiwa nini. Ma Speciose alikaa kwenye kiti chenye mto, rozari mkononi, anang'aa. Kokwijuka aliomba radhi kwamba kichwa kinamuuma, akaingia chumbani kwake dirisha likiwa wazi.

Jua lilikuwa linawaka, kuku wanaparua, watu wazima thelathini na kitu wako hatua chache tu kutoka kitandani kwake, na bado alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Maana kuibiwa hujui ni jambo moja, na kujilaza ukageuza sikio juu, ukasema njoo, ni jambo jingine. Hakuwa ametafuna kahawa tangu jana. Alifumba macho. Akasikia Ma Speciose akianza fungu la kwanza na watu wakijibu kwa pamoja, sauti inapanda na kushuka kama mtu anayebembeleza mtoto, na usingizi ukaja kweli, wote aliodhulumiwa kwa wiki hizo, ukapanda kutoka miguuni mzito kama udongo uliolowa, na juu yake ikaja harufu, mchana kweupe, na chandarua kikabonyea, na mara hii akauona mrija wenyewe, mwanzi mweusi uliolowa, ukitoboa wavu na kusita kidogo, kana kwamba aliyeushika anashangaa kuitwa saa hizi, kisha tamaa ikamshinda, ukazama, fyuu, na huko nje Ma Speciose akasema Salamu Maria, umejaa, fyuu, umejaa, umejaa, fyuu, na watu wakasubiri amalizie wapate kujibu, na hakumalizia.

Kimya. Kisha mkoromo.

Watu walicheka wakiziba midomo kwa vitenge. Mtu mmoja akasema mwenyekiti amechoka kutuombea. Xaveri akakohoa, akataka kuendelea mwenyewe, ndipo mdomo wa Ma Speciose ulipofunguka na sauti ikatoka. Haikuwa ya mwanamke.

"Diwani! We Diwani, unaonekana chakula kikiwepo tu. Usinitazame tu, shuka huko kwenye mahindi ya watu. Mama Paroko, rudi nyumbani, rudi."

Kicheko kikaendelea kidogo, kikafa chenyewe, maana Novatus alikuwa amesimama na kofia yake imeanguka. Akasema, bila kumwambia mtu yeyote, kwamba hiyo ni sauti ya kaka yake. Akasema hao ni mbuzi wa Byarugaba, na Byarugaba amezikwa kwenye kibanja chake Nyabiyonza, na hakuna mtu Bugene aliyewahi kuwajua mbuzi wale kwa majina.

"Kokwijuka," ikaita ile sauti kutoka kwenye kiti chenye mto, taratibu, kwa upendo. "Funga zizi, mwanangu. Mvua inakuja."

Watu waligeuka. Kokwijuka alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, ameshika fremu kwa mikono miwili asianguke, machozi yanamtiririka, tone jeusi lenye harufu tamu linatoka sikioni mwake hadi shingoni.

"Nimeshafunga, baba," akasema. Kisha akamwelekeza kidole yule aliyekaa kitini. "Huo ni usingizi wangu. Mwambieni aurudishe."

Kantengwa ndiye aliyemtikisa bega, na hakumtikisa polepole. Ma Speciose akafumbua macho. Akaona mikeka yote imemgeukia, akamwona Xaveri ameinua msalaba, akapangusa mate kidevuni, akaikaza rozari mkononi kama mtu ambaye hakuna lililotokea.

"Mnaniangalia nini," akasema. "Mimi sijalala."

Akaziba mdomo wake mwenyewe kwa mikono miwili, lakini watu wote walikuwa wameshasikia, maana hata hayo aliyasema kwa sauti ya Byarugaba.