Ngoma ya Bi Mwanatumu Yaenda Uwanjani

Mpira nao ni ugonjwa, na Kibwana wa Bongwe alikuwa mahututi. Nchi tatu zilipoandaa mashindano aliapa kufuata mechi mji kwa mji, na mkewe Warda, mwenye mimba ya miezi minane, akamwacha nyumbani na Kadzo, mama yake Kibwana. Mashabiki wenzake walibeba mavuvuzela. Yeye akaangua ukutani ngoma ya marehemu bibi yake, Bi Mwanatumu, aliyekuwa mganga wa pepo. Ngoma ile haipigwi bila ubani, na ikishaanza haikatizwi mpaka pepo ashuke. Kibwana alilijua hilo tangu utotoni.

"Huu ni mpira tu," alisema. Haya.

Nairobi aliipiga mpaka jukwaa zima likacheza. Refa alipopuliza filimbi ya mwisho, akaacha. Ngoma ikalia tena, mara moja, mikono yake ikiwa hewani. Akanusa ubani. Ubani, katikati ya mashabiki wa Kasarani? Akacheka, akanunua njugu.

Dar es Salaam uwanja ulijaa pomoni, watu wamesimama kwenye ngazi, lakini kiti cha kuliani kwake hakikukaliwa. Kila aliyekikaribia alirudi nyuma na kukiambia kile kiti kitupu, "Samahani mzee, sikukuona." Kibwana akapiga kwa nguvu zaidi ili asitazame upande ule. Filimbi ikalia, akakatiza tena.

Unguja, mechi ya alasiri, simu ikaita katikati ya mchezo, akaacha ngoma akaipokea.

"Kibwana mwanangu, unapiga ngoma?" Mama yake alikuwa akinong'ona.

"Shikamoo mama. Ndiyo, kwani mnaniona kwenye runinga?"

"Hatuna umeme tangu asubuhi. Ngoma inalia tumboni mwa Warda."

Kisha simu ikashikwa na mwingine, na sauti ya mzee, nzito, ikauliza polepole, "Kiti changu kiko wapi?"

Lo! Kibwana aliacha mechi, akaacha begi lake la nguo, akakimbilia boti akiwa na ngoma kifuani, na njia nzima, bandarini, barabarani, hadi alipovuka mpaka wa Lunga Lunga, ule ubani ulikuwa naye, na alimwomba Mungu amkute mkewe hai, na mtoto hai, na hata alipokuwa akiomba vidole vyake vilikuwa vikigonga ngozi ya ngoma bila yeye kuviambia.

Kesho yake alimkuta Warda mkekani, macho meupe, tumbo likirukaruka kwa mapigo yaleyale ya uwanjani. Mzee Boga, mganga aliyefundishwa na Bi Mwanatumu, alikuwa ameshachoma ubani.

"Umemwita mara tatu na mara tatu umemwacha mlangoni," alisema. "Sasa anataka kiti, mtu wa kumpanda kichwani. Amekichagua kichanga."

"Nichukue mimi!" Kibwana akalia. "Mwache mwanangu, nichukue mimi!"

"Nyamaza! Pepo haambiwi hivyo, anashika neno!" Mzee Boga akamsukumia ngoma. "Piga tu, mwanangu. Safari hii usikatize."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Akapiga tangu adhuhuri, ngozi za viganja zikachubuka, damu ikatiririka juu ya ngoma, naye akapiga huku akilia kwa sauti na kumwita mkewe, mpaka jua likaanza kushuka na Warda akafumbua macho, akaomba maji. Akashika tumbo lake. Mtoto alikuwa akicheza kama watoto wote. Kadzo akapiga vigelegele huku machozi yakimtoka.

"Alhamdulillahi, ameshuka," Mzee Boga akasema. "Basi, mwanangu. Acha sasa."

Ngoma haikuacha.

"Acha, mwanangu!"

Warda akajiinua kwa kiwiko, akamtazama mumewe, akaitazama mikono ile iliyochubuka ikipiga bila kuchoka.

"Kibwana?" akanong'ona.

Shingo ikageuka taratibu, na sauti iliyotoka ilikuwa ya yule mzee wa kwenye simu.

"Kibwana yupi?" ikauliza, na mikono ikaendelea kupiga.