Sauti Kwenye Mashine ya Posho

Fyuzi ya laini ilikuwa mfukoni mwa Okware, fundi wa umeme, na bado balbu ya mashine ya posho ya Mama Taaka iliwaka. Kidogo tu, nyekundu.

"Mama, una umeme mwingine hapa?"

"Wa Kenya. Waya unavuka mpaka chini ya ua; umeme wa huku Uganda ukipotea nasaga na wa kule. Lakini nimeuzima, baba, tangu asubuhi."

Ndipo Okware akasikia sauti yake mwenyewe huko nje, tulivu, ikiita: "Imekufa. Panda."

Yeye hakuwa amefungua mdomo.

Alikimbia. Obbo, ndugu wa mkewe na mwenzake kazini, alishaweka mguu kwenye ngazi ya nguzo ya umeme.

"Shemeji, si umesema laini imekufa?"

"Sijasema. Umepima?"

Obbo akacheka. "Nipime nini na wewe upo? Umeanza kuzeeka."

Hivyo ndivyo walivyozoeana. Kazi inataka aliye juu apime kwa testa yake mwenyewe kabla ya kugusa. Obbo aliacha zamani, neno la shemeji lilimtosha, na Okware, Mungu amsamehe, alifurahia kuaminiwa namna hiyo.

Harufu ya nywele zilizoungua ikatanda, ingawa hakuna aliyeungua. Mama Taaka akamwita Katekista Okia, aliyeomba hadi shati likalowa, akapaka nguzo mafuta. Balbu ikazimika. Wote wakasema amina.

"Usiisikilize sauti tena," Okware alinong'ona. "Nakwenda kukata huo waya wa Kenya. Nikimaliza nitakuja nikuguse bega. Bila hivyo usipande."

"Sawa, mzee wangu."

Okware aliinama nyuma ya mashine kuufuata waya, na alipoushika akausikia ukipumua ndani ya plastiki yake, joto kama shingo ya mtu, na balbu juu yake ikaanza tena kuwa nyekundu, na kupitia mlango uliokuwa wazi akamwona Obbo amesimama ameegemeza mgongo kwenye nguzo, peke yake kabisa juani, akishtuka kidogo, akigeuza kichwa kuelekea bega lake, akitabasamu kama anayemjibu mtu, kisha akapanda, na Okware akataka kupiga kelele lakini sauti haikutoka.

Mlio ulikuwa mfupi.

Walipoulaza mwili wa Obbo sebuleni kwa dada yake, testa ilikuwa bado mfukoni mwake, haijaguswa. Ajambo, mke wa Okware, alimvua kaka yake koti ili amwoshe. Begani palikuwa na alama ya kiganja, nyeupe ya unga. Vidole vinne. Cha pete hakikuwepo.

Aliuchukua mkono wa kulia wa mumewe, ule uliopoteza kidole cha pete zamani kwenye transfoma ya kule Iyolwa, akauweka juu ya alama. Ukalingana.

"Ulimgusa," alisema polepole.

Okware akafungua mdomo ajitetee. Kabla hajasema, sauti yake ikajibu kutoka nje ya mlango, tulivu, ya kuaminika:

"Imekufa. Panda."