Gaju na Gari Jeupe

Asubuhi, mtaa wa Ndosho huamka polepole. Ukungu unapita juu ya mapaa ya mabati, na kwa muda mfupi Goma yote inaonekana kama mji uliochorwa kwa mkaa. Wakati huo Béata hufagia uwanja wake. Ni uwanja wa mawe meusi ya volkeno, na vumbi lake halikubali kwisha, lakini yeye hufagia tu. Kisha huosha vikombe, huketi mlangoni, na kungoja maziwa.

Béata anauza maziwa. Mume wake, Anastase, anafuga ng'ombe na kulima viazi kwenye vilima vilivyo juu ya Sake. Mara nyingi hulala kule kule, kwenye kibanda karibu na zizi, na kushuka mjini mwisho wa juma. Kila siku wabebaji hushusha bido, madumu ya maziwa, kwa kichwa hadi barabara kubwa, na pikipiki inazileta Goma. Kiangazi mambo huenda vizuri. Mvua ikianza, njia inageuka tope, wabebaji wanateleza, pikipiki inangoja, na maziwa yanafika yamechacha. Wateja wanaonja, wanakunja uso, wanaondoka. Chumvi ya ng'ombe na miti ya kujengea ua navyo vinabaki Sake, havina wa kuvipandisha.

Walihitaji gari. Juu ya hilo mume na mke walikubaliana. Shida ilianza siku Anastase alipopenda.

Alipenda huko Himbi, karibu na ziwa, kwenye maofisi. Shirika moja lilikuwa linafunga kazi zake na kuuza magari. Nyuma ya geti lilisimama gari jeupe, refu, lenye kifua kipana. Nyuma lilikuwa limefungwa kama nyumba, na viti virefu ndani. Anastase alilizunguka. Alirudi nyuma kidogo, akainamisha kichwa, akalitazama mgongo. Mtu mwingine angeuliza habari za injini. Yeye alilitazama kama baba yake alivyotazama dume sokoni: urefu, paji la uso, namna ya kusimama. Anastase ni mtoto wa wafugaji, na kwao ng'ombe mzuri hupewa jina na kuimbiwa sifa. Kabla hajafika nyumbani, gari lilikuwa na jina. Alikuwa amelipatia jina la ng'ombe mweupe, Gitare.

Jumapili nzima alikaa uwanjani, lakini hakuwapo. Macho yake yalifuata mawingu yanayozunguka mlima wa moto, na midomo yake ilinong'ona kwa Kinyarwanda sifa za Gitare, mwenye kupanda vilima bila kuhema, mwenye kupasua tope kama mtu anayepita kwenye majani. Béata alimwekea maharagwe, yakapoa. Nani hajui ugonjwa huo? Ukimkamata mtu mzima, unamrudisha utotoni, na ukweli ni kwamba anapendeza.

Lakini kulikuwa na jambo moja. Ili kulinunua gari lile, ilibidi wamuuze Gaju.

Gaju ni ng'ombe mwekundu wa Béata. Kwao, mahari ya ng'ombe ikishapokelewa, baba wa msichana naye huwapa maarusi ng'ombe wa kuanzia maisha. Baba yake Béata aliwapa Gaju. Baadaye mzee alifariki, na Gaju akabaki. Karibu zizi lote limetoka tumboni mwake. Kwa bei ya gari jeupe, Gaju angeondoka, na binti zake wangemfuata.

Béata alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama kawaida yake.

"Papa Uwitonze, Gaju iko ya nyumba, haiko yangu peke. Sitakataa. Lakini roho inaniuma."

Anastase alisikia, na ilimuuma pia. Lakini ndoto ilikuwa kubwa kuliko maumivu, na kesho yake alitaka kwenda Sake kutafuta mnunuzi.

Bahati nzuri, asubuhi hiyo Wivine alikuja kunywa maziwa yake. Wivine ni jirani, mwenyeji wa Butembo. Kwa miaka mingi alikuwa na gari lake la kubebea maharagwe na viazi kutoka kwao hadi Goma, na barabara ile imemfundisha mengi. Siku hizi anauza vipuri vya magari huko Birere. Alikunywa nusu kikombe, akauona uso wa Béata, akakiweka kikombe chini na kuuliza kuna nini. Waliposimulia yote, alimgeukia Anastase.

"Papa Anastase, ukienda kununua ngombe ku soko, unafanya nini?"

Hapo Anastase alichangamka. Alieleza kwamba anaangalia meno, kwato na chuchu. Anamtembeza mnyama mahali penye mawe. Mwisho, kabla ya kukubaliana bei, anachuchumaa na kumkamua mwenyewe, aone maziwa kwa macho yake. Mtu asiyefanya hivyo, alisema, atarudi nyumbani na ngozi inayotembea.

"Na hii motokari," Wivine akasema, "uliikamua?"

Béata aligeukia vikombe ili asionekane akicheka.

Wivine hakumcheka Anastase. Alivuta kiti, akaeleza taratibu. Gari zuri kwa mtu mmoja linaweza kuwa hasara kwa mwingine, kwa sababu kazi zao si moja. Mkulima na mfugaji waanze na kazi.

"Jiulize kwanza, nitapakia nini? Nitapita njia gani? Ikivunjika, pyese zake ziko hapa Birere, ao mupaka zitoke inchi ingine? Na mazutu, inakunywa ngapi? Kisha uichukue ku njia yako, na muzigo yako. Ipande, ishuke. Hapo njo utajua."

Huko Himbi, Achille, msimamizi wa uuzaji, hakuona ubaya gari lijaribiwe kilimani kwanza. Alikubali kuliendesha gari yeye mwenyewe, mradi wao walipe mazutu, yaani dizeli.

Waliondoka alfajiri, Achille, Anastase na Wivine. Ziwa lilikuwa limelala chini ya ukungu, na gari jeupe lilielea kando yake kama halina magurudumu. Anastase alikaa mbele, mikono magotini. Baada ya Sake walianza kupanda. Gari halikuhangaika. Watu waliokuwa wakienda shambani walisimama kulitazama, naye Anastase akafumba macho ili utamu usimwagike.

Aliyafumbua walipofika kijitoni. Daraja la pale ni la magogo. Wivine aliomba wasimame, akashuka na kuyagonga magogo kwa jiwe. Lile gari ni zito hata likiwa tupu, alisema, na gogo moja limeanza kuoza. Achille alilivusha polepole, wenzake wakitembea nyuma, na magogo yakalia.

Juu kwenye zizi mambo yalizidi. Bido ziliingia kwa taabu, kwa sababu viti virefu vilifungwa kwa bolti pande zote mbili. Miti ya ua haikuingia kabisa. Magunia ya viazi yalijaa hadi mlangoni, kisha ikabidi yatolewe ili bido zipate nafasi. Mwishowe walishuka na mzigo mdogo tu, na bido zenyewe zilikuwa hazijajaa. Gari liliruka juu ya kila jiwe. Darajani hawakuthubutu kuvuka na mzigo. Walipakua, na Anastase akabeba bido mkono huu na huu, akilifuata gari lake la ndoto kwa miguu.

Walipofika Ndosho, Béata alifungua bido ya kwanza. Juu ya maziwa yalielea mabonge ya manjano.

"Mumeniletea siagi," alisema.

Kweli, gari lilikuwa limetikisa maziwa njia nzima, kama kibuyu cha kusukia maziwa. Wivine alieleza kwamba springi zake zimefanywa ngumu kwa ajili ya mzigo mzito. Mzigo ukiwa mdogo, linarukaruka. Kosa lingine lilikuwa lao, kwa kuwa bido isiyojaa inaacha maziwa yacheze. Na mazutu ya safari ile yalikuwa yamekula pesa ya maziwa yote ya siku, siagi ikiwemo.

Anastase alikaa kwenye jiwe. Macho yalikuwa yamemlowa, na hakuyaficha.

"Lakini iko muzuri," alisema.

"Iko muzuri," Wivine alikubali. "Kubeba batu ya ofisi ku barabara kubwa, hakuna kama yeye. Kazi yako njo haiko yake."

Juma lililofuata walitembea Birere, Wivine mbele, mume na mke nyuma. Waliona magari mengi. Lililowasimamisha lilikuwa pikapu dogo la kabina moja, nyuma wazi, rangi ya kijani iliyopauka, mlango mmoja mwekundu. Hakuna mtu angeliimbia sifa. Wivine alitandika gunia, akalala chini ya gari na kugonga chasi akitafuta kutu. Alilinganisha namba ya chasi na karatasi za mwenye gari. Aliwasha injini ikiwa bado baridi, akasikiliza. Alihakikisha magurudumu yote manne yanavuta, na gia ya polepole ya kupandia milima inaingia. Kuhusu vipuri hakukuwa na wasiwasi, vilikuwa vinaning'inia kwenye maduka yote ya mtaa ule. Ila matairi aliyakataa. Alitaka yenye meno marefu na mbavu nene, kwa sababu mawe ya volkeno hukata tairi ubavuni.

Matairi yalipobadilishwa, wakalipeleka kwenye kilima. Safari hii mvua ilikuwa inanyesha, na Anastase ndiye aliyesisitiza wasingoje ikatike. Waliteleza mara chache, wakaendelea. Kwenye daraja gogo bovu lilikuwa limebadilishwa, na pikapu likavuka na mzigo wake. Bido zilijazwa hadi shingoni, zikasimamishwa wima na kufungwa kwa mipira ya tairi kuukuu, magunia ya viazi yakazizunguka. Hawakuzidisha uzito, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kupanda juu ya mzigo. Béata alipofungua bido, maziwa yalikuwa maziwa.

Bei yake ilikuwa ndogo. Waliuza madume na mavuno ya viazi, basi. Siku hizi wateja wa Béata wanakuja hata siku za mvua, na ua wa zizi umejengwa upya.

Jumamosi moja Béata naye alipanda mbele ya pikapu. Magoti yake yalikuwa yamemzuia kupanda kilima kile kwa misimu mingi. Juu, ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba ng'ombe walionekana vipande vipande, pembe hapa, mgongo kule. Béata aliita jina moja. Kitu chekundu kilijitenga na weupe ule, kikaja polepole hadi kwake, na kuweka pua yenye unyevu kwenye kiganja chake. Alichuchumaa kwa shida, akaegemeza paji la uso ubavuni mwa Gaju, na kuanza kukamua. Maziwa yalilia ndani ya bido ndogo.

Anastase alisimama pembeni na kofia mkononi.

"Mama Uwitonze," alisema, "nilikuwa karibu kuuzisha baba yako."

Béata hakugeuka. Mikono yake iliendelea na kazi.

"Kamata hii bido," alimwambia. "Imejaa. Batu banangoja maziba."