Bastola ya Mguu wa Kiti

Kila Jumamosi asubuhi Shiko hupiga viatu rangi nyumbani kwao Kabiria, vyake na vya baba yake. Jumamosi moja alipaka kitu cha ziada: bastola aliyoichonga kutoka mguu wa kiti kilichovunjika. Ilitoka nyeusi tititi, naye akajipongeza.

Siku hiyo shule yao ilikuwa na mdahalo katika jumba moja la mikutano huko Hurlingham, juu ya hoja kwamba raia wengi zaidi waruhusiwe kumiliki bunduki. Shiko alikuwa msemaji mkuu wa kuunga mkono, na sababu alikuwa nayo, kwani duka la baba yake kule Riruta lilikuwa limevunjwa mara mbili. Alipoomba kubeba bastola ya kuonyesha, Mwalimu Awuor alimwambia maneno yake yanatosha. Shiko aliitikia kwa mdomo, lakini mkono ukaitia mkobani. Mtoto wa Nairobi, aliyezoea kukaguliwa mkoba kila mlangoni, akasahau kwamba jumba lile lina bawabu.

Bawabu huyo, Musembi, aliufungua mkoba, akachungulia, akaganda.

"Wote rudini nyuma," alisema polepole.

Foleni ikatawanyika. Mama mmoja alijificha nyuma ya chungu cha maua kisichomfika hata magotini.

"Sema umeiokota," Krish, msemaji mwenzake, alimnong'oneza. "Ticha akijua ni yako, leo huongei."

Shiko aliingiwa na hofu. Mdahalo huo alikuwa ameungoja muhula mzima.

"Ni yangu," akasema kwa sauti. "Ni mbao tu. Mwalimu alinikataza kuileta."

Musembi aliigusa. Vidole vikatoka vyeusi, vikinuka rangi ya viatu. Yule mama alianza kucheka, foleni nzima ikamfuata. Musembi alicheka mwisho, akaiweka ile bastola mezani pake.

Mwalimu Awuor, aliyesikia yote kutoka nyuma ya foleni, hakucheka. "Umenivunja moyo kwa kuificha," alisema. "Lakini umesema ukweli ulipokuwa mgumu. Utaongea, na utaanza na kisa hiki."

"Si kitawasaidia wapinzani, Mwalimu?"

"Basi kijibu."

Shiko alisimulia yote, ukumbi ukavunjika mbavu. Kisha akasema, "Bado nataka baba aweze kulinda duka lake. Lakini leo watu wamenikimbia kwa sababu ya mguu wa kiti. Anayetaka bunduki achunguzwe kwanza, afunzwe, na jina lake liandikwe."

"Na wanaochunguza, nani atawachunguza?" mpinzani akauliza. Shiko akakiri kwamba hilo hakulifikiria. Shule yake ikawa ya pili kwa alama moja, na Shiko aliwapigia washindi makofi mpaka viganja vikawasha.

Wakitoka, walikuta mlango wa jumba umeachwa wazi, bastola imesukumizwa chini yake kuuzuia usijifunge.

"Imepata kazi," Musembi alisema. "Msichana wangu, kitu kinachoweza kumtisha mtu kinataka mwenyewe wa kusimama na kusema, hiki ni changu, nitakijibia. Wewe ulisimama. Ukitaka, chukua."

Shiko aliutazama mlango, watu wakipita huku wakicheka.

"Wacha ikae hapo, mzee," akasema.